Daftari la Mandal: Ibada za Wahindu Chini ya Kilimanjaro

Katika miji mingi ya Tanganyika, Wahindu walipata kamati kabla ya kupata hekalu. Walishakuwa na mwenyekiti, katibu, mwekahazina na daftari la michango wakati mungu wao angali picha ya karatasi iliyotundikwa chumba cha nyuma ya duka, na taa ya samli ikiwaka mbele yake. Kamati hiyo waliiita mandal. Ndiyo iliyotafuta ukumbi wa kusalia, ikaomba serikalini kiwanja cha kuchomea maiti, ikaandika barua Gujarat kutafuta pujari, yaani kuhani, na kumlipia nauli ya meli. Shree Hindu Mandal ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1919. Mwaka 2019 ilitimiza karne moja, na hospitali yake inapokea wagonjwa wa kila dini. Miji ya bara, Moshi ikiwemo, ilifuata njia hiyohiyo kwa kadiri ya uwezo wake.

Naitazama taasisi hii kutoka Moshi kwa sababu mji mdogo huonyesha kazi ya mandal waziwazi zaidi. Dar es Salaam, watu wa jamii moja tu waliweza kujaza ukumbi wao wenyewe. Katika mji wa stesheni chini ya mlima, Diwali isingefana bila fundi cherehani, sonara, mwenye duka la jumla na karani wa reli kukaa mkeka mmoja. Naamini ibada za Wahindu zilidumu hapa kwa sababu ya daftari lile la michango: lilizitoa mikononi mwa nyumba na ukoo, likazifanya mali ya mji.

Reli kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Boma la Wajerumani lilikuwa juu, Old Moshi, lakini stesheni iliwekwa chini kwenye tambarare, na mji ukaifuata stesheni. Wenye maduka wa Kigujarati nao waliifuata. Miaka ya mwisho ya utawala wa Wajerumani, Wahindi wa koloni zima, Waislamu na Wahindu kwa pamoja, walikuwa karibu 9,000. Machi 1916 majeshi ya Waingereza, yakiwa na vikosi kutoka India, yaliingia Moshi, na reli ya kivita iliyojengwa kutoka Voi ikaungana na ile ya Tanga pale Kahe. Mji uliokuwa mwisho wa njia ukajikuta umefunguliwa milango miwili baharini, Tanga na Mombasa. Pujari, vitabu vya sala, sanamu za shaba, mitungi ya samli na mabibi harusi vilipitia milango hiyo.

Nimetaja mabibi harusi mwishoni, ingawa wao ndio wenye uzito. Ili kuelewa kwa nini, lazima turudi Zanzibar ya karne ya 19. Wafanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kutch walikuwa na nguvu kubwa katika utawala wa Sayyid Said. Jairam Shivji alishika forodha ya Zanzibar kwa miongo kadhaa hadi alipofariki mwaka 1866. Waliruhusiwa kuchoma maiti zao na kula chakula chao bila nyama. Lakini karibu wote waliishi bila wake zao. Kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa kunamtia mtu unajisi, na aliyerudi Kutch alipaswa kufanyiwa ibada ya kutakaswa kabla ya kukubaliwa tena kula na ndugu zake. Kwa hiyo Afrika ilikuwa mahali pa kazi. Ndoa, kunyoa nywele za kwanza za mtoto, kumwita jina na kuwakumbuka marehemu kila mwaka vilingoja kusi ivume na jahazi zirudi nyumbani.

Meli za mvuke na reli ziliyavunja mazoea hayo. Mke alipofika, alifika na tarehe zake za mfungo, nyimbo za kumbembelezea mtoto, desturi ya kutopika siku fulani na kupika kitu maalumu siku nyingine, mche wa mtulsi wa kupandwa uani, na kona ya nyumba iliyotengwa kwa ajili ya miungu. Mwanamume peke yake angeweza kuishi na picha ya Lakshmi juu ya meza ya hesabu. Familia ilihitaji kalenda nzima ya mwaka, na kalenda nzima ilihitaji watu wengine wa kuitimiza. Hapo ndipo mandal ilipopata kazi.

Ugumu wake ulikuwa kwamba Wahindu wa mji wa Tanganyika hawakuwa kabila moja. Walikuwepo Walohana wenye biashara za jumla na rejareja, Wapatel waliokuja kwa biashara na ukarani, Wabrahmini wachache, masonara, maseremala, washona nguo na washona viatu, kila kundi na jina lake, na Wapunjabi walioletwa na kazi za reli na ujenzi. Gujarat, kila jamii ya namna hiyo ilikuwa na mungu wake wa ukoo, kuhani wake, jiko lake na mipaka yake ya kuoana. Mtu wa tabaka la juu asingekubali maji kutoka mkononi mwa kila mtu. Mwanaanthropolojia David Pocock, katika makala aliyochapisha mwaka 1957 juu ya Wahindi wa Afrika Mashariki, alieleza kwamba huku tabaka liliendelea kuwa tofauti kati ya kundi na kundi, ilhali ngazi ya nani yuko juu na nani yuko chini ililegea. Kulikuwa na sababu ya wazi. Ngazi ile ilisimama juu ya utumishi wa kijijini, kinyozi akimnyoa mwenye shamba na mfinyanzi akimletea vyungu kwa malipo ya nafaka. Moshi hapakuwa na kijiji cha namna hiyo. Kinyozi alikuwa na duka lake na bei yake ukutani.

Miji mikubwa ilizipa jamii hizi nafasi ya kujenga kumbi zao mbalimbali, na zilijenga. Mji mdogo haukuwa na anasa hiyo. Pujari mmoja ilibidi atoshe. Kwa kawaida aliletwa na mandal, akalipwa na mandal, akaishi katika chumba cha mandal, na akatakiwa afungishe ndoa ya mtoto wa Kilohana leo na kusoma katha, kisa cha ibada, nyumbani kwa seremala kesho. Mishahara ya makuhani Gujarat ilitoka kwa familia walizozirithi kizazi hadi kizazi. Huku ilitoka kwenye daftari. Naona hayo ndiyo mapinduzi makubwa kuliko yote katika historia hii, na hayakutangazwa na mtu yeyote. Kuhani aligeuka mwajiriwa wa kamati, na kamati ilichaguliwa kwa kura katika mkutano wa mwaka.

Hilo halikuwa geni Moshi. Mwaka 1925 wakulima wa Kichaga walianzisha chama chao cha kahawa, KNPA, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, ushirika uliopata sifa Afrika nzima. Mji huu ulijifunza mapema kuorodhesha wanachama, kusoma hesabu mbele ya watu na kumhoji mwekahazina. Mwenye duka wa Kihindi na mkulima wa kahawa wa Kichaga mara nyingi walikuwa pande mbili za mzani, kila mmoja akimtuhumu mwenzake kuhusu bei. Hata hivyo, kila mmoja jioni alikwenda kwenye kikao chake, na vikao vyao vilifanana.

Neno daftari lina historia nyingine kwa Wahindu, nayo ni ya ibada. Siku ya Diwali, mwezi unapokuwa umetoweka kabisa angani, Oktoba au Novemba, mfanyabiashara wa Kigujarati hufunga vitabu vya hesabu vya mwaka unaokwisha na kufungua vipya. Vitabu hivyo huabudiwa. Pujari huandika neno Shri mara nyingi, mstari juu ya mstari, hadi maandishi yanakuwa umbo la pembetatu. Hupaka unga mwekundu wa kumkum, huweka jani la tambuu, popoo, sarafu, mchele na maua, humwomba Ganesh aondoe vikwazo na Lakshmi alete neema. Siku inayofuata ni mwaka mpya wa Vikram, ambao uko mbele ya mwaka wa Kikristo kwa zaidi ya miaka 50. Ibada hii huitwa chopda pujan, na kwa vizazi vingi ilikuwa pia kazi halisi ya uhasibu: madeni yalipatanishwa, wateja walialikwa, mizania ikafungwa.

Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika iliigusa ibada hii, pengine bila kujua. Ilileta sheria za kodi ya faida na leseni za biashara, na ikataka hesabu za biashara ziandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili. Wenye maduka waliokuwa wakiandika kwa Kigujarati walifunga milango wiki kwa wiki katika mgomo uliotikisa nchi nzima. Vitabu vya historia huueleza mgomo huo kama ugomvi wa kodi, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini mtu aliyekuwa akikiinamia kitabu chake cha hesabu kila Diwali hawezi kuambiwa abadilishe lugha ya kitabu hicho akaona ni jambo la makaratasi tu. Alihisi mkono wa serikali umefika madhabahuni.

Leo hesabu za kodi zinafuata tarehe za TRA, risiti zinatoka kwenye mashine ya EFD, na mizania hufungwa na mhasibu aliyesomea kazi hiyo. Chopda pujan haina tena kazi yoyote ya kihasibu. Bado inafanywa. Vitabu vyekundu hununuliwa ingawa kurasa zake zitabaki tupu, na kompyuta ya mkononi huwekwa katikati ya maua ikapakwa kumkum kwenye kona ya kifuniko chake. Wapo wanaoliona hilo kuwa ganda la ibada ambalo kiini chake kimetoka. Mimi naliona tofauti: ilipoacha kuwa hesabu, ikabaki kuwa shukrani tupu, na huenda ndiyo maana watoto waliosomea kompyuta wanaikubali bila kusukumwa.

Kalenda yenyewe ilileta mtihani ambao Wahindu wa Moshi wameishi nao tangu mwanzo. Mwaka wa Kihindu hupimwa kwa tithi, siku za mwezi, thelathini kati ya mwezi mwandamo mmoja na mwingine. Tithi moja inaweza kudumu saa 19 au ikafika saa 26, na huanza wakati wowote, mchana au usiku. Siku hupewa tithi iliyopo jua linapochomoza. Kwa wastani jua huchomoza Moshi zaidi ya saa mbili baada ya kuchomoza Gujarat. Ikitokea tithi imebadilika katika muda huo, mfungo wa Ekadashi uliopigwa chapa kwenye kalenda ya India kuwa Jumanne unapaswa, kwa hesabu ya mlima huu, kufungwa siku nyingine. Familia nyingi zilifuata kalenda iliyochapishwa India, zikafunga pamoja na ndugu zao wa ng'ambo. Nyingine zilitaka jua la mahali zinapoishi. Mandal ndiyo iliyoamua, ikabandika tangazo, na tangazo la mandal likawa na nguvu ambayo hakuna kuhani mmoja angeipata. Siku hizi programu za simu hukokotoa tithi kwa mji wowote duniani, na mabishano yamehamia kwenye kundi la WhatsApp.

Majira ya mwaka yaliyumba zaidi. Miezi minne ya mifungo mingi, kuanzia Julai hadi vuli, iliwekwa kule India kwa sababu ni miezi ya mvua: njia hazipitiki, watawa wanakaa mahali pamoja, chakula ni cha kupimwa. Moshi miezi hiyo ni mikavu na ya baridi, na mvua kubwa huwa zimekwisha kunyesha Aprili na Mei. Holi, moto wa kumaliza majira ya baridi, huangukia Februari au Machi, wakati wa joto kali, na mara nyingine matone ya kwanza ya masika huwahi kuni kabla ya kiberiti. Tarehe 14 Januari, Gujarat nzima hupanda kwenye mapaa kurusha tiara kwa furaha ya jua linalorejea kaskazini. Moshi iko digrii 3 hivi kusini mwa ikweta. Jua la Januari hupita upande wa kusini, na likija kaskazini linakuja kukaa utosini, katikati ya Machi. Hakuna baridi ya kuagwa. Ila upepo wa kaskazini upo, uleule uliokuwa ukizileta jahazi kutoka Kutch, na watoto hawahitaji sababu nyingine ya kurusha tiara.

Navratri pekee ilitua bila taabu. Mausiku tisa ya mungu mama, Septemba au Oktoba, huja Gujarat mvua zinapokoma na viwanja kukauka. Moshi nako ni kukavu, usiku kuna ubaridi mwanana, na vuli haijaanza. Wanawake na wanaume huzunguka kwa makofi na vijiti, taa ikiwa katikati ndani ya chungu chenye matundu. Ngoma hii ya garba ilichezwa uani na barazani huko ilikotoka. Huku ilikuwa ya ukumbi tangu mwanzo, kwa tiketi au kwa mchango, na iliwakutanisha vijana wa jamii ambazo wazazi wao wasingewaozesha. Ndoa nyingi zilizovuka mipaka ya tabaka zilianzia kwenye duara lile. Wazee walinung'unika, kisha wakachangia harusi.

Vifaa vya ibada vilipatikana kwa namna ambayo mgeni asingeitarajia. Katha ya Satyanarayan, ibada ipendwayo sana na familia za Kigujarati, huhitaji migomba midogo iliyosimamishwa pembe nne za madhabahu. Ni mahali gani duniani pana migomba mingi kuliko Kibosho, Marangu na Machame? Majani ya mwembe ya kufuma toran juu ya mlango yako tambarare. Nazi zilikuja na treni kutoka Tanga. Sukari ya prasad, ule utamu wa semolina, samli na ndizi anaogawiwa kila aliyehudhuria, tangu miaka ya 1930 ilitoka mashamba ya TPC, Arusha Chini, kusini kidogo ya mji. Manjano na hina havikuwa vigeni kwa yeyote aliyewahi kuona harusi ya Kiswahili. Kitabu kilitoka mbali: shirika la Gita Press la Gorakhpur, lililoanzishwa mwaka 1923, lilichapa Gita na vitabu vya sala kwa bei ambayo hata fundi viatu aliimudu.

Mchaga aliyepita mbele ya hekalu na kuona majani yametundikwa mlangoni hakuhitaji kuelezwa sana. Kwao mmea uitwao isale huwekwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, hupelekwa kuomba msamaha, na zamani ulisimama pale mifupa ya mababu ilipokusanywa. Sisemi dini hizi mbili ni moja. Nasema watu wa mlimani walijua kwamba jani linaweza kubeba neno zito, na majirani wenye ujuzi huo hawamcheki anayefunga majani juu ya kizingiti.

Kwenye kifo ndipo majirani hao walipotofautiana kabisa, na ndipo mandal ilipobeba mzigo wake mkubwa. Mchaga akifia Dar es Salaam, akifia Mwanza, akifia hata ng'ambo, ndugu watachanga hadi mwili upande mlima na kulazwa kihambani kwao. Ardhi ndiyo inayompokea. Mhindu hana kihamba cha kurudishwa. Mwili hukabidhiwa moto, na kinachobaki hukabidhiwa maji yanayokwenda. Moto huo unahitaji mamia ya kilo za kuni kavu, na unahitaji kiwanja mbali kidogo na makazi, njia ya gari, kibanda cha kujikinga na mvua, na watu wanaojua kupanga magogo. Familia yenye msiba haiwezi kuanza kuyatafuta hayo asubuhi ya kifo. Mandal ililipa kuni kabla hajafa mtu. Katika kurasa za mapato na matumizi, kuni za watu ambao bado wanacheka na kuuza khanga tayari zilikuwa zimeandikwa.

Desturi ya Gujarat ni kuchoma maiti siku hiyohiyo, moto ukiwashwa na mwana wa kwanza wa kiume. Wanawake hubaki nyumbani. Watoto wa Moshi sasa wako London, Leicester, Toronto na Nairobi, na mwili husubiri mochwari hadi ndege itue KIA. Pengine marehemu ana mabinti tu. Katika familia nyingi za ughaibuni binti ameshika mwenge, na pujari amesoma mantra zilezile. Siku 13 za matanga zimefupishwa zilingane na likizo ya kazi. Ni rahisi kuyaita mabadiliko hayo upotovu ukiwa katika mji wenye Wabrahmini laki moja. Katika mji ambao wabebaji wa jeneza wanahesabika, kila mkono unahitajika.

Na majivu? Wenye uwezo waliyapeleka India, kwenye Ganges. Wengine waliyapeleka baharini, kwa kuwa mito yote huishia huko. Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa maji mapya kupewa utakatifu wa zamani: mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilimwagwa Jinja, pale Nile inapoanza safari yake kutoka ziwani, na mahali hapo pakawa pa kuzuriwa. Mauritius walikwenda hatua nyingine. Mwaka 1972 walileta maji ya Ganges wakayamimina katika ziwa la volkano la Grand Bassin, na tangu hapo umati hutembea kwa miguu kwenda huko usiku wa Shiva. Wahindu wa Moshi hawakuutangaza mto wowote wa Kilimanjaro kuwa Ganges. Sala hufanya kazi hiyo kimya: kabla ya kila ibada pujari huita mito mitakatifu ya India kwa majina yake iingie ndani ya lota, chombo kidogo cha shaba, na maji yaliyomo ndani ya lota ni ya bomba, yameteremka kutoka mlimani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, Waasia wa Tanganyika walikuwa zaidi ya 70,000. Miaka kumi iliyofuata iliwapunguza kuliko vita au ugonjwa wowote. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilitaifisha mabenki na biashara kubwa, kisha sheria ya 1971 ikataifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sitaki kuisimulia miaka ile kwa uchungu wa upande mmoja. Nchi masikini ilikuwa ikitafuta haki, na wapo Wahindu walioiunga mkono kwa dhati. Jayantilal Keshavji Chande, aliyekulia Bukene, alipoteza viwanda vya familia kwa utaifishaji, akakubali mwaliko wa Mwalimu Nyerere wa kuongoza shirika la umma la kusaga nafaka, akabaki Tanzania hadi alipofariki mwaka 2017. Lakini kwa daftari la mandal hesabu ilikuwa wazi. Wachangiaji wakubwa walikuwa wenye nyumba na wenye maduka ya jumla, na kodi za nyumba zile ndizo zilizomlipa pujari. Familia baada ya familia ilipanda ndege. Majina yalikatwa kwa mstari wa kalamu, na pembeni pakaandikwa mji wa ng'ambo.

Mwaka huohuo wa 1971 ulileta Sheria ya Ndoa, iliyoweka ndoa za dini na mila zote za Tanzania chini ya paa moja. Ndoa ya Kihindu ilipewa hadhi ya ndoa ya mke mmoja. Anayefungisha ndoa lazima awe na leseni, na nia ya kuoana itangazwe siku 21 kabla. Saa njema ya nyota, ambayo zamani ingeweza kuwa usiku wa manane, ikabidi ipatane na msajili, na baadaye na Jumamosi. Wagujarati huuzunguka moto mara nne; mizunguko hiyo haikupunguzwa hata moja. Vilivyopunguzwa ni siku za shamrashamra, kutoka karibu juma zima hadi mwisho wa wiki.

Waliohama walibeba mandal. Hili halisemwi vya kutosha. Mhindu aliyetoka moja kwa moja kijijini Gujarat hakuwa na haja ya kujua kusajili chama, kuandika katiba, kuomba kibali cha jengo au kugawa zamu za jikoni, kwa sababu hekalu la kijiji lilikuwepo kabla hajazaliwa. Aliyetoka Moshi, Tanga, Kisumu au Jinja alijua yote hayo tangu utotoni. Mwaka 1970 wafuasi wa Swaminarayan, wengi wao wakiwa wametoka Afrika Mashariki, walifungua hekalu lao la London katika kanisa lililokuwa limeachwa, mtaa wa Islington. Mwaka 1995 jumuiya hiyohiyo ilifungua hekalu la mawe ya kuchongwa huko Neasden, ambalo watu wa Uingereza hulipigia picha. Ufundi wa mawe ni wa India. Ufundi wa kamati uliivishwa huku kwetu, kwenye vikao vya Jumapili jioni baada ya maduka kufungwa.

Waliobaki Moshi waliendelea wakiwa wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kaseti za video za Ramayan, tamthilia iliyorushwa India mwaka 1987 na 1988, zilifanya kazi ya wasomaji wa katha waliokuwa wameondoka, na watoto walimjua Ram kwa sura ya mwigizaji. Baadaye walikuja Wahindi wapya, wahandisi, wahasibu na madaktari kutoka majimbo yasiyo Gujarat, na ibada zao. Kigujarati, kilichokuwa lugha ya vikao, hakiwatoshi wote, na kumbukumbu za mikutano zimeingia Kiingereza na Kiswahili. Nyimbo za aarti husomwa kwa herufi za Kirumi na watoto wanaozungumza Kiswahili cha Moshi uwanjani. Sanamu za miungu huvishwa nguo safi kila asubuhi hata kama waliokuja kusali ni watatu.

Kuna jambo moja ninalolidai kwa sauti. Madaftari ya zamani ya mandal za miji yetu, yaliyo katika Kigujarati cha mkono, yapelekwe kupigwa picha na nakala ziwekwe Nyaraka za Taifa. Ndani yake mna bei za kuni na samli, majina ya waliochangia shule na zahanati, tarehe za kufika na kuondoka kwa makuhani, ugomvi wa jikoni uliosuluhishwa na michango ya njaa na mafuriko iliyokwenda kwa majirani wasio Wahindu. Hiyo ni historia ya miji ya Tanzania iliyoandikwa na wakazi wake siku kwa siku. Karatasi ya miaka ya 1920 na 1930 inakatika ikiguswa, mchwa hawasubiri, na wenye kuyasoma maandishi yale kwa ufasaha, wakajua pia jina la kila mtaa wa zamani wa Moshi, ni wazee. Wakae na kijana mwenye kinasa sauti mwaka huu, kabla ya Diwali.